Sura ya Tano: Kiangazi Chetu ni Januari

Kitabu cha kwanza cha vinywaji nilichomiliki nilikinunua Nairobi, kwenye meza ya vitabu vya mtumba, na kiliandikwa na Mwingereza kwa ajili ya Waingereza wenzake. Sura nene kuliko zote ilihusu vinywaji vya majira ya joto, ambayo kwake ni Juni, Julai na Agosti. Nikakibeba hadi nyumbani Runyenjes wiki ya pili ya Julai. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni ukakaa juu ya mabati ya soko, manyunyu hayakatiki, watu wanatembea na makoti mazito saa saba mchana. Nikasaga matunda, nikaponda barafu, nikampelekea shangazi yangu glasi pale alipoketi kando ya jiko la makaa. Aliipokea kwa ncha za vidole, akaitazama, akaiweka sakafuni.

"Hii uniletee Januari," akasema, akavuta shuka mabegani.

Tangu siku hiyo kalenda ya kitabu kile niliitupa. Huku kwetu jua kali hukaa kati ya mvua mbili: vuli ikiisha Desemba, na kabla masika hayajafika mwishoni mwa Machi. Januari na Februari ndio wakati vumbi hupanda, koo hukauka, na miti ya matunda, kana kwamba imesikia kilio, huangusha mzigo wake wote kwa pamoja. Pwani wanausoma msimu huo kwa upepo wa kaskazi. Sisi huusoma kwa malori ya maembe. Julai kinywaji ni dawa ya moto: tangawizi iliyopondwa, ndimu, asali na maji yanayochemka. Mambo ya barafu yanangoja.

Runyenjes ina bahati ambayo hata wenyeji huisahau. Mji umekaa kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, zaidi kidogo ya kilomita 20 kutoka Embu mjini, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea mlimani unaingia kwenye majani chai, Mungania na Rukuriri, hadi ukingo wa msitu wa Mlima Kenya. Ukibaki mjini uko katikati ya kahawa, migomba, makadamia na maparachichi. Ukiteremka Karurumo na kuendelea chini mpaka Ishiara, nchi ya Wambeere, hewa inabadilika, udongo unabadilika, na unakutana na maembe, mapapai, tikitimaji na mikwaju. Tunda la baridi na tunda la joto hukutana kwenye meza moja ya soko, asubuhi moja. Mtu wa London hununua tunda la pasheni kwa bei ya dhahabu, limesafiri kwa ndege. Hapa linakuja na bodaboda.

Tuanze na hilo la pasheni, kwa sababu ndilo lililonifundisha kunyamaza na kusikiliza wauzaji. Nilisimama mbele ya mama mmoja karibu na steji.

"Mama, matunda ni pesa ngapi?"

Msomaji wa Mombasa au Dodoma atashangaa: matunda gani? Sehemu zetu za Mlima Kenya, neno hilo likisimama peke yake ni pasheni, ile ya zambarau. Embe ni embe, ndizi ni ndizi, lakini "matunda" ni pasheni, na atakayetaka zaidi ya hapo ajieleze.

"Ya kula ama ya juisi?" akaniuliza.

Ya juisi. Akaruka lile fungu lililong'aa, lenye ngozi nyororo, akainama chini ya meza, akatoa mengine yaliyokunjamana kama paji la uso la bibi kizee. Nilidhani ananiuzia mabaki. Kumbe ngozi iliyokunjamana ni ya tunda lililokwisha kuiva na kupoteza maji ya ganda. Ukali umepungua ndani na sukari imekolea. Lile linalong'aa ni zuri kwa mtu atakayesafiri nalo siku tatu. Kipimo cha pili ni uzito. Liweke kiganjani: likiwa jepesi kuliko sura yake, ndani mna hewa na mbegu chache zilizokauka. Mama yule alikuwa akiyapima hivyo moja moja, akiongea na mwenzake, bila kuangalia mkono.

Nikayaharibu mwenyewe nilipofika nyumbani. Nilitia rojo lote kwenye blenda, mbegu na yote, nikawasha. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya maji ya mtaro na mchanga wa uchungu chini ya ulimi, maana mbegu ya pasheni ikisagika hutoa uchungu ambao hakuna sukari inayoufunika. Njia ni hii: kata tunda, kamulia rojo kwenye bakuli, ongeza maji ya uvuguvugu kiasi cha kulifunika, kisha pigapiga kwa uma dakika mbili au tatu mpaka vile vifuko vya manjano viachane na mbegu. Chuja kwa chujio la chai. Ukilazimika kutumia blenda, iguse na kuiachia mara tatu kwa kasi ya chini, basi. Matunda kumi makubwa hunipa glasi ndogo ya maji makali yenye harufu inayojaza jikoni, na glasi hiyo inatosha watu wanne.

Embe linahitaji maneno zaidi, kwa kuwa watu hulitendea kama kitu kimoja. Ngowe na Apple ni za kwetu, zimetokea pwani ya Kenya. Kent na Tommy Atkins ni za Florida, Marekani. Zote nne utazikuta zikishuka kwenye pikipiki kutoka Mbeere mwezi mmoja. Apple, lile la mviringo lenye shavu jekundu, lina maji mengi na utamu wa moja kwa moja. Hilo ni la glasi. Ngowe, refu lenye ncha kama mdomo wa ndege, halina nyuzi na nyama yake ni ya rangi ya chungwa iliyoiva; likisagwa huwa laini kama malai. Kent ni la kuaminika. Tommy ni zuri sana kwa mfanyabiashara, kwa sababu haliozi upesi, na kwa kinywaji sioni faida yake. Usidharau embe la kienyeji, lile dogo lenye nyuzi zinazokaa kwenye meno hadi kesho: lina harufu kuliko hayo yote. Likamue kwa mkono, chuja mara mbili, utaelewa.

Kagua ganda. Kinukta cheusi kilichozungukwa na ulaini ni mahali nzi wa matunda alipotaga. Nzi huyu, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na ndiye aliyeifanya nchi ijizuie yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014, zuio lililodumu hadi 2021. Tatizo lingine ni la hesabu tu. Maembe yote ya Embu huiva ndani ya wiki chache, dalali anajua, na mkulima anajua kwamba dalali anajua. Nimeona maembe chini ya miti, yamelala kama changarawe, nyuki wakiyashughulikia. Pale Karurumo kikundi cha wakulima wadogo kimeshirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi kujaribu njia za kuyaokoa: vikaushio vya jua, kusindika, na vyumba vya kupoeza vyenye kuta za makaa. Hicho cha makaa kinanipendeza kuliko friji yoyote. Makaa hupangwa kati ya nyavu mbili za waya, hulowekwa maji, upepo ukipita maji huvukiza na kuondoka na joto. Mtu anaweza kutengeneza sanduku dogo la namna hiyo nyuma ya jikoni na kuweka matunda yake ya wiki nzima bila stima.

Basi kinywaji cha embe. Saga nyama ya Apple mawili makubwa na maji baridi nusu kikombe. Ongeza ndimu mbili, na usizipunguze: embe lililoiva limepoteza ukali wake, bila ndimu unakunywa uji. Onja likiwa na joto la kawaida, na hakikisha limezidi utamu kidogo kuliko unavyopenda, maana ulimi uliopozwa hausikii sukari vizuri na barafu itaongeza maji. Halafu ufanye kile wanachofanya watoto wa shule kwa embe bichi barabarani. Changanya chumvi na pilipili ya unga kwenye sahani, pitisha kipande cha ndimu kwenye mdomo wa glasi, igeuze glasi juu ya sahani ile ishike chumvi. Mimina. Kuna mabaa ya kifahari yanayotoza pesa nyingi kwa ukingo wa chumvi na pilipili na kuuita wa Meksiko. Mwenye toroli la maembe ya pilipili Nairobi au Mombasa hajawahi kuhitaji pasipoti kuujua.

Hapo bado sijataja pombe, na nimefanya hivyo makusudi. Ukiagiza kokteli katika mkahawa wa kawaida Embu au Nairobi, mara nyingi utaletewa glasi ya juisi nzito iliyopangwa matabaka: embe, parachichi, pengine na kiazi chekundu, bila tone la kilevi. Wako wanaocheka wakisema tumelikosea neno. Sidhani. Maelezo ya kale yanayojulikana zaidi ya neno hilo yalichapwa katika gazeti moja la jimbo la New York mwaka 1806: kileo kikali, sukari, maji na dawa chungu ya mitishamba. Hakuna tunda hapo. Tunda liliingia kwa mlango mwingine, ule wa bakuli la punch, ambalo mabaharia Waingereza walilichukua India katika karne ya 17. Wengi hulihusisha jina lake na neno la Kihindi la tano, kwa hesabu ya vitu vyake: kileo, sukari, ndimu, maji, viungo. Kwa hiyo ndimu na viungo ni mambo ya Bahari ya Hindi, bahari yetu, na sisi tuliyabeba hadi mlimani.

Kenya nayo ina mchango wake, unaojulikana na kila mtalii: Dawa, ile ya baridi, iliyopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Ni jamaa wa caipirinha ya Brazili. Ndimu moja hukatwa vipande na kupondwa na kijiko cha sukari, barafu iliyovunjwa, vodka toti mbili yaani mililita 60, na kijiti kilichovingirishwa asali ambacho mnywaji mwenyewe hukoroga, akiongeza utamu kadiri anavyotaka. Ujanja wote uko kwenye hicho kijiti. Asali haiyeyuki kwenye baridi, hushuka polepole, na glasi huwa tamu zaidi kadiri inavyokwisha. Nikiwa Runyenjes natumia asali ya Mbeere, nyeusi, yenye moshi kidogo, kutoka nchi ya migunga. Vodka naibadilisha na Kenya Cane, ambayo imetokana na miwa na kwa hiyo inaelewana na ndimu tangu zamani.

Wala kuchanganya tunda na kileo hakukuletwa na hoteli. Muratina ilikuwepo. Tunda la mti ule unaoning'iniza matunda kama soseji kubwa hupasuliwa, hukaushwa, kisha hutumbukizwa kwenye asali na maji, au maji ya miwa, na kuachwa karibu na joto. Halitumiwi kwa ladha. Nyuzi zake ndizo makao ya hamira. Pombe ikiiva tunda hutolewa, huanikwa, na hungoja kazi nyingine, na lililozoea kazi huthaminiwa kuliko jipya. Muratina ni ya wazee na ya ruracio, sherehe ya mahari. Niliwahi kufikiri kuichanganya na embe na barafu. Mzee niliyemwambia wazo hilo alinitazama kwa huruma akabadilisha mazungumzo, nami sijalirudia.

Kuhusu chupa unayonunua, sina mzaha. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, na Embu iliumia vibaya. Waliopona, baadhi yao walibaki vipofu. Methanoli haina harufu ya kukutahadharisha wala ladha inayoitofautisha. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho, na juisi tamu huificha zaidi. Kinywaji cha matunda ndicho mahali rahisi kabisa pa kufichia kileo kibaya. Nunua chupa iliyofungwa, yenye stempu ya ushuru, dukani kwa mtu mwenye leseni. Bei ikikushangaza kwa urahisi wake, mimina embe lako peke yake. Na atakayeendesha gari kurudi Chuka au Embu usiku, kwenye kona zile za mtoni, anywe hilo hilo lisilo na kitu.

Ukishapata chupa salama, kipimo ninachokitumia ni kimoja kwa karibu kila tunda: toti mbili za kileo, toti moja ya maji ya tunda kali, toti moja ya shira. Shira ni sukari na maji kwa kiasi sawa, imechemshwa mpaka ikayeyuka na kupozwa. Tunda likiwa tamu, kama embe, punguza shira nusu na uongeze ndimu. Tikisa na barafu kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, hesabu hadi kumi na tano, mpaka mkono uume kwa baridi. Chuja. Barafu yenyewe iwe ya maji yaliyochemshwa. Nimeona watu wakichemsha maji ya kunywa kwa uangalifu wote kisha wakagandisha ya bomba.

Matunda damu, yale mekundu yenye umbo la yai, yanapendwa kwa sababu huaminiwa kuongeza damu. Mimi nayapenda kwa rangi. Ngozi yake ni chungu: yamwagie maji ya moto dakika moja, itavuka yenyewe. Saga, chuja, ongeza tangawizi iliyokunwa na shira, na jini ukipenda. Usiyaandae asubuhi kwa ajili ya jioni, kwa sababu hushikana yakawa kama jeli. Hayo tu.

Chai ndiyo niliyochelewa kuigundua, nami nimekulia chini yake. Ukipika chai yetu kwa maji ya moto kisha ukaipoza, hugeuka yenye matope, kwa kuwa zile tanini na kafeini hushikana zikipoa. Chukua vijiko vitatu vya majani, tia kwenye lita moja ya maji baridi yaliyochemshwa jana, acha usiku kucha, chuja alfajiri. Inatoka safi, nyekundu kama shaba, na uchungu wake ni wa adabu. Tia ile glasi ndogo ya pasheni, asali iliyoyeyushwa kwa maji kidogo ya moto, na tawi la mnanaa lililopigwa kofi kati ya viganja ili litoe harufu. Majani ya Rukuriri, pasheni ya Kagaari, asali ya Mbeere. Katika vinywaji vyote vya sura hii, hiki ndicho ningekibakiza kama ningeambiwa nichague kimoja, na hakina kileo.

Ukwaju nao unastahili zaidi ya kuwa wa Mombasa. Mti wake, mũthithi, umejaa Mbeere na Tharaka, na tangu zamani tunda lake limetiwa kwenye uji kuupa ukali. Loweka konzi moja ya ukwaju uliomenywa kwa maji moto nusu saa, fikicha kwa mkono, chuja, tia sukari guru, chumvi chembe na barafu nyingi. Mtu aliyeshuka basi la kutoka Ishiara saa nane mchana hahitaji kitu kingine.

Nilimpelekea shangazi ile glasi yake Januari iliyofuata, kama alivyoagiza: embe la Apple, ndimu, ukingo wa chumvi na pilipili, bila pombe, kwa kuwa yeye ni wa Mothers' Union kanisani. Alilamba ukingo kwanza, akakunja uso, kisha akanywa yote bila kushusha glasi. Akaniuliza kwa nini nilipunguza pilipili.

Maembe huanza kupungua sokoni mwezi Machi unapoelekea mwisho. Kama unasoma sura hii Februari, acha hapa uende Karurumo, na uende asubuhi. Mchana hubaki Tommy tu.